Kilio Bila Maiti

Mimi nina hasira, sikatai. Mama yangu huko Isebania alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Kwa hiyo atakayesikia haya asije akasema Kezia aliharibiwa na mambo ya Daktari Caren. Nilikuwa hivi zamani. Daktari Caren alinipa tu sababu nzuri.

Mimi ni karani wa kitivo katika kampasi moja ndogo upande wa Homa Bay. Jina la chuo silitaji, maana bado nakula hapo. Kazi yangu ni kuchapa. Ratiba, mitihani, barua za kuajiri watu na barua za kuwafukuza, zote zimepita kwenye vidole hivi. Watu hudhani karani hasomi anachochapa. Wacha wadhani.

Caren alikuja kwetu miaka kumi na moja iliyopita na maboksi mawili ya vitabu. Nilifungua kimoja nikakuta herufi ambazo sijawahi kuziona maishani. Nikamuuliza, "Daktari, haya si mambo ya uganga kweli?"

"Ni Kigiriki, dada Kezia. Kigiriki cha kale."

"Kinazungumzwa na nani?"

"Hakuna. Waliokizungumza walikufa zamani sana."

"Sasa umekuja kufundisha nani? Marehemu?"

Alicheka mpaka akakalia boksi. Tukawa marafiki kuanzia hapo, yeye Mjaluo, mimi Mkuria, na katikati yetu Kiswahili hiki hiki, chake cha kupanda na kushuka, changu cha mpakani.

Alizaliwa Kosele, huko Rachuonyo. Mama yake, Awino, alikuwa mwanamke wa shamba na soko kama wengine, lakini alikuwa na jambo moja. Alijua kulia. Usicheke. Kwa Wajaluo kila mwanamke hulia msibani, ila kuna wachache ambao wakifungua kinywa hata mwanamume aliyekuja kwa ajili ya chakula tu anainamisha kichwa. Awino alikuwa mmoja wao. Hakuna aliyemwita wala kumwajiri. Akisikia mtu amefariki anafunga leso kiunoni, anakwenda, anatembea mbele ya jeneza akizungumza na maiti kwa sauti ya wimbo: ulikuwa nani, umetuacha na nani, nani alikutesa ukiwa hai. Na hapo ndipo pana utamu wake, au uchungu wake. Mlizi ana ruhusa. Akikutaja kwa ubaya mbele ya watu, unakaa kimya. Hakuna chifu wala mchungaji wa kumkata kauli, mpaka amalize mwenyewe.

Caren alikua akisikia hayo. Akiwa kidato cha pili aliokota kwenye stoo ya shule kitabu kisicho na jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa. Ilikuwa tamthilia, wanawake wanawalilia watu wao. Mmoja anatangulia, wenzake wanaitikia. Yeye aliamini kabisa kwamba mwandishi ni mtu wa Rachuonyo. Mwalimu alipomwambia hao ni Wagiriki, na imepita miaka zaidi ya elfu mbili, alibishana naye mpaka akapigishwa magoti nje ya darasa.

Basi ukawa ugonjwa wake. Akasoma fasihi Nairobi, akapata nafasi ya kwenda Ulaya, akakaa huko miaka sita anajifunza lugha ya watu waliokufa. Alirudi na udaktari wake, na kila mtu akamuuliza umerudi kufanya nini. Mimi pia nilimuuliza. Akaniambia, "Huko wanajua kila kitu kuhusu kilio cha Wagiriki, Kezia. Isipokuwa kulia."

Darasa lake la kwanza lilikuwa na wanafunzi tisa, wote wamekunja sura. Kijana mmoja akauliza Wagiriki wanatuhusu nini. Caren akafunga kitabu. Akauliza, "Nani hapa ameona watu wakigombania maiti? Mmoja anasema azikwe huku, mwingine anasema kule, mpaka kortini?" Mikono yote tisa ikapanda juu. "Sasa tunaweza kuanza," akasema. Najua kwa sababu nilikuwa nimeleta chaki, nikasimama mlangoni hadi kipindi kikaisha. Aliwaeleza kwamba tamthilia zile zilichezwa nje, mchana kweupe, kwenye mteremko wa mlima, mji mzima umekaa chini, na kwamba lile kundi la waimbaji halikuwa pambo. Hilo ndilo lililokuwa watu wenyewe. Mtu mmoja akianguka, kundi ndilo linalosema tumeona.

Sasa nije kwa Daktari Zablon, na hapa mnisamehe.

Zablon ndiye mkuu wa kitivo. Mwana wa huko huko Rachuonyo, vijiji viwili kutoka kwa kina Caren. Suti safi, salamu nzuri, mkono laini. Kila muhula alimtaka Caren aandike ripoti ya kueleza kwa nini somo lake liendelee kuwepo. Somo lingine lolote halikudaiwa ripoti hiyo. Caren aliandika. Ripoti ishirini na mbili, kurasa kumi na kitu kila moja, majina ya wanafunzi, wamefika wapi, nani sasa anafundisha, nani anaandika michezo ya redio. Anatia kwenye bahasha, anaibandika, ananipa, nampelekea Zablon. Baada ya wiki bahasha inarudi kwangu niiweke kwenye faili. Imebandikwa vile vile. Haikuguswa! Mimi ndiye niliyekuwa nazifungua. Na sikumwambia Caren hata siku moja. Hiyo hasira ni ya kwangu mwenyewe, nitakufa nayo.

Mwaka huu tukaambiwa kamati ya seneti inakuja kuangalia masomo madogo, yapi yabaki na yapi yafe. Kila mwalimu aonyeshe kazi yake. Zablon alishasema kwenye mkutano, "Somo lisilo na soko ni mzigo," akimtazama Caren huku akitabasamu. Kila mtu alijua maana yake. Kamati isiporidhika, Kigiriki kimekwisha, na mwalimu pekee wa Kigiriki amekwisha pamoja nacho.

Caren akaamua atawaonyesha kundi. Wanafunzi kumi na wawili, kilio kizima cha tamthilia moja aliyoitafsiri mwenyewe, si kutoka Kiingereza, kutoka kwenye Kigiriki chenyewe, kuingia Kiswahili. Kazi ya miaka minne. Nilichapa yote na nililia kwenye kibodi, mimi, Kezia, ambaye sikulia hata nilipojifungua.

Shida ikawa wanafunzi. Walikuwa wanaimba vizuri mno. Kwaya tupu! Dorine, msichana wa mwaka wa tatu aliyeongoza kundi, alikuwa na sauti ya kanisani, tamu, imenyooka. Oliver, kijana kutoka kisiwa cha Remba, alikuwa anapiga besi akifumba macho kama yuko kwenye mashindano. Caren akawaambia, "Mmefiwa nyinyi, hamjashinda kombe."

Jumamosi moja akanichukua twende Kosele kwa mama yake. Tulimkuta Mama Awino jikoni anachagua mawe kwenye maharagwe. Alikuwa amekonda. Presha ilikuwa inamsumbua mwaka wa tisa sasa, na mguu mmoja ulikuwa umevimba. Caren akamweleza. Mama, njoo chuoni, uwafundishe watoto kulia.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye maharagwe. "Amekufa nani?"

"Hakuna mtu, Mama. Ni mchezo."

"Basi siji. Kilio si wimbo. Ukipiga nduru na hakuna maiti, umeita maiti." Nduru ni ile sauti ya kwanza, ile inayopasua hewa, inayowaambia majirani kwamba mtu ameondoka. Halafu akasema, "Nisomee hicho chako."

Caren akasoma kwa Kigiriki, kwa moyo, bila kitabu. Sikuelewa neno. Mama Awino pia hakuelewa neno. Lakini aliacha kuchagua maharagwe, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyu aliyeandika alifiwa." Halafu akamwambia binti yake tena, kwa Kiswahili ili na mimi nisikie: "Nimekukataza. Usije ukasema sikukukataza."

Caren hakusikia. Hapo nitasema ukweli ingawa nampenda. Alikuwa na wiki mbili tu na alitaka kushinda. Ukumbi wa chuo nao Zablon aliupeana kwa semina ya wachungaji, wiki nzima, kwa hiyo wakawa wanafanyia mazoezi nyuma ya tangi la maji, pale kwenye mteremko. Caren alifurahi hata, akasema ndivyo Wagiriki walivyofanya. Alhamisi, saa nane mchana, akachoka na sauti za kwaya. Akasimama katikati, akaweka mikono kichwani, akapiga nduru. Ile yenyewe, ya mama yake.

Mimi nilikuwa ofisini na kikombe kilinitoka mkononi. Halafu nikasikia wale kumi na wawili wakimfuata. Wakati huu haikuwa kwaya.

Halafu nikasikia na kijiji kinajibu.

Jamani! Watu walitoka kila upande. Wanawake wameacha majembe, leso viunoni, wanalia wakikimbia, "Uuuwi! Uuuwi!" Mmoja ameacha maziwa motoni. Mzee mmoja aliruka mtaro wa chuo, akaanguka, akateguka mguu, na bado akaja anachechemea. Walipanda ule mteremko wakidhani mwanafunzi amekufa. Wakakuta vijana wamepangana mistari miwili. Wakauliza ni nani. Na Oliver, mtoto wa watu, akajibu kwa adabu kabisa: "Hakuna mtu, Mama. Tunafanya mazoezi ya Kigiriki."

Bibi mmoja akamsogelea Caren akamuuliza, "Mnalia bure?" Caren akapiga magoti pale pale kwenye majani. Aliomba msamaha kwa Kijaluo, na alilia, na safari hii kwa haki. Wazee wakaleta manyasi, maji ya mitishamba, wakawanyunyizia wote ili ubaya waliouita usiwafuate. Caren alikubali kunyunyiziwa kwanza, mbele ya wanafunzi wake. Yule mzee wa mguu akapelekwa zahanati. Wanakijiji walikuwa na haki ya kukasirika, na walipomaliza kukasirika walikwenda nyumbani. Mambo yangeisha hapo.

Lakini Zablon alikuwa amepata alichokuwa akikitafuta. Huyu Zablon, ambaye kila siku anawaita wanakijiji washamba, ambaye alishasema mbele yangu kwamba manyasi ni ujinga, ghafla akawa mtetezi wa mila! Akaniita nichape ripoti kwa kamati: mhadhiri amevunja mila za jamii, amesababisha taharuki, ameaibisha chuo. Onyesho likafutwa. Nikamuuliza, "Daktari, na kama kamati ingetaka kusikia upande wake?" Akaegemea kiti. "Msiba wa kujitakia hauna kilio, Kezia. Liandike hilo kwa lugha ya kiofisi."

Nikaliandika. Ndiyo, niliandika. Nina watoto watatu.

Wiki tatu baadaye Mama Awino akafariki. Asubuhi, kitandani kwake, presha. Miaka tisa presha! Kadi ya hospitali ilikuwa imejaa mpaka ikashonewa karatasi nyingine. Lakini nenda ukawaambie watu. Kosele nzima ilisema neno moja: binti yake ndiye aliyeita maiti.

Siku ya mazishi nilifika asubuhi nikakaa na Dorine, aliyekuja na wenzake wote wa lile kundi. Gari la kutoka mochari likaingia langoni. Hapo ndipo wanawake huinuka, hata mimi mgeni najua. Hapo ndipo nduru hupigwa. Gari likasimama, injini ikazimwa, nikasikia kuku wanaparua nyuma ya jiko. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye nyasi, miguu wameinyoosha mbele, vinywa vimefungwa. Hakuna hata mmoja aliyeinuka. Nikamuuliza Dorine nini hiki. Akaniambia wanasema binti yake alishamlilia mwezi uliopita, sasa wao walie nini tena.

Nilisikia damu inanipanda masikioni. Mwanamke huyo aliwalilia watu wao miaka arobaini! Hakuna kaburi katika kile kijiji ambalo hakulitembelea na leso kiunoni. Na jeneza lake linashushwa kimya kama gunia la mahindi. Nilitaka kuinuka niwaambie, Dorine akanishika gauni. Na Caren mwenyewe hakuwa na sauti. Tangu siku ya mteremko aliapa hatafungua kinywa vile tena. Alikaa kando ya jeneza, macho makavu, anatazama viatu vya watu.

Hotuba zikaanza. Emsii akamwita mwakilishi wa chuo, na nani akasimama? Zablon. Akavuta kipaza sauti. Akasema chuo kimepoteza mama. Akasema Daktari Caren ni hazina. Akasema, na maneno haya niliyasikia kwa masikio yangu mawili, "Somo lake la Kigiriki ni fahari ya kitivo changu, na litaendelea kukua." Watu wakapiga makofi.

Fahari! Jumanne ya wiki ile ile nilichapa barua. "Kufutwa kwa Somo la Ushairi na Tamthilia ya Kale ya Wagiriki, na kutohuishwa kwa mkataba wa mhadhiri." Aliitia sahihi mbele yangu kwa kalamu ya wino wa bluu. Ilikuwa kwenye droo yangu inangoja dereva wa makao makuu.

Sikufikiri. Ningefikiri, ningekaa. Nilipita katikati ya viti, nikachuchumaa kando ya Caren, nikamwambia sikioni: "Anadanganya. Barua ya kulifuta imeshachapwa. Nimeichapa mimi, Jumanne. Na wewe umo."

Akanitazama. "Ametia sahihi?"

"Ametia."

"Kwa hiyo ametia sahihi ya kunifukuza, halafu akaja, akala chai ya mama yangu."

Akainuka. Emsii akasema familia itazungumza baadaye kulingana na ratiba. Caren akavua viatu. Akafungua leso iliyokuwa begani, akaifunga kiunoni, na wanawake walioketi kwenye nyasi wakageuza vichwa wote pamoja. Halafu akapiga nduru, na mchungaji aliyekuwa amepewa kipaza sauti aombe akakiweka mezani taratibu, akakaa.

Alilia kwa Kijaluo, akitembea mbele ya jeneza, na Dorine alinitafsiria huku machozi yakimdondoka kwenye mikono.

"Mama, amka, una mgeni. Amka umsikilize anavyonisifu. Mkono aliokupungia ndio aliochinjia kazi yangu Jumanne. Mama, unamjua huyu. Mama yake alipokufa hukulala siku tatu. Ulimlilia mama yake Zablon mpaka sauti ikakukauka, ukarudi nyumbani unaongea kwa mikono. Leo amekulipa, Mama. Amekuletea hotuba."

Nilimtazama Zablon. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki mstari wa mbele. Alitaka kuinuka, nikaona anatafuta mlango wa hema kwa macho, lakini ataendaje? Ukiondoka mlizi akikutaja, umekiri. Alikaa. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kola.

Halafu Caren akawageukia wanawake. "Nanyi mlionyamaza. Nilikosea mimi. Mama alinikataza, nikakosea. Nipigeni mimi. Yeye alikosea nini? Wewe hapo, alikulilia mume. Wewe, alikulilia mapacha. Nani alikuwa anaitikia pamoja naye? Si nyinyi? Mmesahau pa kuitikia?"

Akaacha kutembea. Alisimama tu, amewaelekea, mikono kichwani. Kwetu wanasema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Mfiwa alikuwa ameanza. Sisi wengine tulikuwa tunangoja, na mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Dorine hadi akaguna.

Akainuka mwanamke mmoja mnene, yule aliyetajwa kwa mapacha. Akafunga leso. Akaitikia. Halafu wa pili. Halafu wote, kwa mara moja, uwanja wote ukasimama, na Dorine akaniponyoka, na wale kumi na wawili wakaingia katikati yao, na hakuna aliyewauliza wamefuata nini. Walimlilia Mama Awino hadi saa ya kuzika ikapita. Na katikati ya kilio jina la Zablon likawa kiitikio. Dorine alikuwa hatafsiri tena, lakini jina lake nilikuwa nalisikia mwenyewe: Zablon, Zablon, mbona umekuja na maneno mikono mitupu.

Jumatatu aliingia ofisini mapema kuliko mimi. Nilimkuta amesimama kando ya meza yangu, hajanyoa ndevu.

"Ile barua. Dereva ameshaichukua?"

"Bado."

Akashusha pumzi. "Kosele wanaimba jina langu sokoni, Kezia. Shangazi yangu amenipigia simu. Watoto wanaimba wakienda shule." Akanyoosha mkono. "Ilete."

Nikafungua droo, nikampa. Akaichana vipande vinne, akavitia mfukoni, hata pipa la takataka hakuliamini. Akaniambia nichape nyingine kwa kamati, kwamba kitivo baada ya kutafakari kwa kina kinapendekeza somo liendelee na mkataba uhuishwe. Kwa kina! Niliichapa kwa dakika sita, bila kosa hata moja, nikaipiga muhuri, nikaomba ruhusa ya nusu siku na kupanda gari la Kosele. Moyo wangu ulikuwa unaimba. Nilisema angalau leo, angalau mara moja, nimechapa kitu kizuri.

Caren alikuwa nyuma ya nyumba na sufuria za matanga, anasugua moja kubwa kwa majivu. Nikampa nakala. Akapangusa mikono, akasoma. Akasoma tena. Nilingoja acheke, au anikumbatie.

"Nilimwandikia ripoti ishirini na mbili," akasema.

"Najua."

"Alisoma hata moja?"

Hapo nilikuwa na uongo tayari mdomoni, karani wa miaka mingi hakosi uongo mzuri. Lakini nilikuwa nimechoka nao. "Hapana. Zilirudi zimebandikwa. Zote."

Aliikunja ile barua, akaiweka juu ya jiwe, na kuwekea kijiko juu ili upepo usiichukue. Akarudi kwenye sufuria. Alisugua kwa muda mrefu. Nilipoona mabega yake nikajua amekasirika, na si hasira kama zangu hizi za kila siku, hii ilikuwa na mizizi.

"Miaka kumi na moja, Kezia," akasema bila kunitazama. "Miaka kumi na moja namwambia mtu huyu hiki kitu kina maana. Na ili anisikie, ilibidi mama afe."

Nikakunja mikono ya blauzi, nikachukua sufuria ya pili.